UKURASA WA NYUMBANI: Steki ya Kikaangoni, Bila Moto wa Makaa

Bismillahi Rrahmani Rrahim.



Mama mmoja katika wasomaji wetu ametueleza jambo linalomkera moyoni, nasi tumeona kuwa si lake peke yake, bali ni la nyumba nyingi. Kwa hivyo twamjibu hapa ili na wengine wapate kufaidika. Mama huyu akaa ghorofa ya 3, katika nyumba isiyo na ua wala baraza. Mwanawe amekwisha kuwa kijana wa kazi, na kila jioni ya Jumamosi hutoka na wenziwe kwenda kula steki. Mahali waendapo nyama yake ni nzuri, lakini meza ya pili yake imepangwa chupa za ulevi. Mama alipomwambia, "Mwanangu, si nyama hiyo hiyo nipikayo mimi?" kijana alimjibu kwa adabu, "Siyo, mama. Yako huchemka saa mbili hata ikawa kamba. Na steki haipikiki nyumbani. Yataka makaa na wavu wa kuchomea."

Mama hakukata tamaa. Jumamosi iliyofuata aliliingiza jiko la makaa jikoni, akafunga mlango na dirisha ili moshi usiwaudhi jirani. Haukupita muda kichwa kikamuuma, kizunguzungu kikamshika, akatoka mbio. Mara ya pili alijaribu kwa kikaango juu ya jiko la gesi. Nyama ikaiva, lakini kipande kilipokatwa kikatoa maji mekundu sahanini. Bibi yake kijana, aliyekuwapo pale, akasema, "Damu hiyo! Haramu hiyo!" Na nyama yote ikatupiwa paka.

Basi mama atuuliza: Je, steki yapikika ndani ya nyumba bila makaa? Na yale maji mekundu ni damu iliyoharimishwa? Jawabu letu kwa ufupi ni kuwa steki yapikika, tena kwa njia nyepesi kuliko pilau, na maji yale si damu iliyoharimishwa. Lakini kila moja katika haya lina maelezo yake, nayo ndiyo haya.

MAKAA HAYAINGIZWI CHUMBANI

Tuanze na lile lililokuwa karibu kumdhuru mama wetu. Makaa yakiwaka hutoa hewa ya sumu iitwayo kaboni monoksaidi. Hewa hii haina rangi, haina harufu, wala haiwashi macho. Moshi mtu huuona akaukimbia, lakini hii huivuta asijue. Ikiingia mwilini huikamata ile sehemu ya damu ichukuayo hewa safi, hata mwili ukawa wakosa hewa hali mtu apumua. Mwanzo wake ni kuumwa na kichwa, kizunguzungu na kichefuchefu. Na mwisho wake, milango ikiwa imefungwa, ni mauti. Wala msidanganyike na makaa yaliyokwisha kufanya jivu juu, mkadhani kuwa ni salama kwa sababu hayatoi moshi. Hayo nayo hutoa sumu hiyo hiyo. Mahali pa jiko la makaa ni uwanjani penye upepo. Nafsi ni amana tuliyopewa na Mwenyezi Mungu (S.W.T.), na dini yetu haituruhusu kuitia katika maangamivu kwa ajili ya mshikaki.

Tena steki haina haja na makaa hayo. Kinachoifanya steki ikawa steki ni joto kali la kukausha uso wa nyama na kuugeuza rangi ya kahawia. Maji huchemka kwa joto la digrii 100, wala hayapandi zaidi ya hapo katika sufuria ya kawaida. Lakini ule ukahawia wenye harufu na utamu huanza kufanyika vyema joto linapopita digrii 140. Mfaransa mmoja, Louis-Camille Maillard, alieleza mabadiliko haya mwaka 1912, na wataalamu hata leo huyaita kwa jina lake. Ndiyo sababu nyama iliyochemshwa, hata ikikaa motoni kutwa, haipati ladha ya nyama iliyokaangwa. Na chuma kilichopata moto huweza kazi hii sawasawa na wavu. Pengine hushinda, kwani wavu huigusa nyama kwa mistari tu, na chuma huigusa uso wake wote.

MAJI MEKUNDU NI NINI

Sasa tuje kwenye neno la bibi. Bibi amesema kwa kuichunga dini yake, na kwa hilo astahiki heshima. Lakini yatupasa kuujua ukweli wa kitu kabla ya kukihukumu.

Mnyama akichinjwa kisheria, akakatwa koo na mishipa yake, damu hutoka kwa nguvu ikamwagika. Hiyo ndiyo damu iliyotajwa katika Qur'ani Tukufu, Suratul An'aam, aya ya 145, ambapo damu iliyoharimishwa imepewa sifa ya kuwa ni yenye kumwagika. Ama ule wekundu unaobaki ndani ya nyama na mishipa midogo baada ya kuchinjwa, wanavyuoni wamesema kuwa umesamehewa, kwa sababu hapana awezaye kujiepusha nao. Na imepokewa kwa Bibi Aisha (R.A.) kuwa hakuona ubaya katika wekundu uonekanao juu ya chungu cha nyama.

Na ilmu ya leo yatuonyesha kuwa maji yale mekundu sehemu kubwa yake si damu hasa. Nyama mbichi, kiasi cha robo tatu yake ni maji. Na ndani ya misuli mna kitu chekundu kiitwacho mayoglobini, kazi yake ni kuweka akiba ya hewa safi kwa matumizi ya msuli wenyewe. Vitu viwili hivi vikichanganyika ndiyo hayo maji mekundu yatokayo kisu kikipita. Mtazameni kuku: yeye naye ana damu, lakini kidari chake ni cheupe, kwa kuwa misuli ile ina mayoglobini kidogo mno. Lau wekundu wa nyama ungekuwa ni damu peke yake, kidari cha kuku nacho kingekuwa chekundu.

Basi nyama ile aliyopewa paka ilikuwa ni halali, na kuitupa kulikuwa ni khasara. Mama asimlaumu bibi. Na amsomee maelezo haya kwa upole.

HALALI NI MOJA, NA USALAMA NI WA PILI

Walakini asije msomaji akafahamu kuwa twamhimiza kula nyama mbichi. Kitu chaweza kuwa ni halali nacho kikadhuru. Katika nchi zetu za Afrika ya Mashariki yuko mdudu aitwaye tegu, anayeishi ndani ya ng'ombe kwa mfano wa vifuko vidogo vyeupe vilivyofichika katika misuli. Mtu akila nyama hiyo haikuiva, mdudu huota tumboni mwake akawa mrefu wa mita kadhaa. Kwa hivyo zile steki ambazo katikati yake ni mbichi na baridi, zinazosifiwa katika hoteli za Ulaya, sisi hatuna haja ya kuziiga.

Kadiri iliyowekwa na wakuu wa usalama wa chakula nchini Marekani kwa kipande kizima cha nyama ya ng'ombe ni joto la digrii 63 katikati yake, kisha kipumzishwe dakika 3 kabla ya kukatwa. Katika joto hilo katikati huwa na wekundu mwepesi wa waridi, na nyama huwa bado laini. Ama nyama ya kusaga yataka digrii 71, kwa sababu vijidudu vya maradhi hukaa juu ya uso wa nyama, na kusaga huvichanganya hata vikaingia ndani. Kadhalika nyama iliyotobolewatobolewa kwa uma au kwa mashine ya kulainishia yafaa iive kabisa. Na mama mjamzito, mtoto mdogo, mzee na mgonjwa, hawa chakula chao na kiive hata wekundu uondoke wote.

Vipimajoto vya nyama vyauzwa, wala si ghali sana kwa nyumba inayopika steki mara kwa mara. Asiyekuwa nacho na akate kipande kinene kuliko vyote katikati yake: akiona nyama inayong'aa kwa ubichi na ikigusika baridi, na airudishe motoni.

KUNUNUA NYAMA

Nusu ya kazi ya steki hufanyika kwa mchinjaji. Mwendeeni mnayemjua kuwa achinja kisheria na nyama yake imepigwa muhuri wa mkaguzi. Muulizeni sarara, ambayo wengine huiita salala. Hii ni nyama ya mgongoni, laini, kwa sababu misuli ile mnyama haitumii sana kwa kutembea. Nyama ya paja, ya bega na ya shingo ni misuli ya kazi. Nyuzi zake ni ngumu, na hizo ndizo zenye haki ya kuchemshwa saa mbili zikawa mchuzi. Kosa letu wengi ni kununua nyama ya mchuzi tukataka iwe steki, au kununua sarara tukaichemsha kama nyama ya mchuzi.

Sarara ni ghali kuliko nyama nyingine, lakini kilo moja isiyo na mfupa yawatosha watu 4 na zaidi, iwapo pana viazi na kachumbari. Mwambieni mchinjaji aikate vipande vyenye unene wa inchi moja, kwa kukingama nyuzi. Kipande chembamba sana hukauka kabla ya kupata rangi, na kinene sana huungua nje hali ndani bado. Na ambaye uwezo wake ni paja tu, asivunjike moyo: na aikate nyembamba, kiasi cha nusu inchi, aipigepige kwa mchi wa kinu, na aipake papai bichi lililopondwa kwa muda wa nusu saa, kisha alipanguse. Papai lina utomvu wenye kuvunja nyuzi za nyama. Lakini ikikaa nalo kutwa nzima, uso wa nyama huwa kama uji.

NAMNA YA KUPIKA

Vitu vinavyotakikana ni hivi: nyama, chumvi, pilipili manga, samli vijiko 2, punje 3 za thomu, na kikaango kizito cha chuma. Ambaye hana kikaango hicho na atumie chuma cha chapati, ambacho hakikosekani katika nyumba zetu. Kile ni kizito, na kazi yake tangu hapo ni kupokea moto mkali. Kikaango chepesi kisichoshika chakula hakifai kwa kazi hii, kwani kikipashwa moto mno kitupu, ule mpako wake huharibika ukatoa mvuke wenye madhara.

Kwanza, nyama na iwe kavu. Wako wenye dasturi ya kuiosha. Basi na waioshe kwa upole maji yasirukie vyombo vingine, kisha waifute kwa kitambaa safi hata isibaki na unyevu juu. Nyama mbichi yenye maji ikiwekwa kikaangoni, joto lote huishia kukausha yale maji, na nyama ikachemka katika mvuke wake badala ya kukaangika.

Pili, chumvi. Itieni dakika 40 kabla ya kupika, au itieni papo hapo mnapoiweka motoni, wala msiitie katikati ya nyakati hizo mbili. Chumvi huanza kwa kuyavuta maji nje. Na ikipewa muda maji yale hurudi ndani yamekwisha kukolea. Mkiipika kabla hayajarudi, uso wa nyama huwa umelowa, nasi tumekwisha kusema ubaya wake.

Tatu, fungueni dirisha, kisha wekeni kikaango kitupu juu ya moto mkali dakika 3 au 4. Tone la maji likidondoshwa likaruka na kukauka mara moja, kikaango ki tayari. Tieni samli kijiko kimoja. Samli ni bora kuliko siagi kwa kazi hii, kwa sababu siagi ina maji na maziwa ambayo huungua upesi yakawa machungu. Samli imekwisha kuondolewa hayo, nayo huvumilia moto.

Nne, lazeni vipande bila ya kuvibananisha, 2 kwa mara moja, na kila kimoja na kiwe na nafasi yake. Mtasikia sauti kali ya kukaangika. Msipoisikia, kikaango hakijapata moto, toeni nyama mngojee. Baada ya dakika 2 geuzeni kwa koleo, wala si kwa uma. Kisha endeleeni kugeuza kila dakika moja au mbili, huku moto mkiupunguza ukawa wa kati. Kipande cha inchi moja hupata kuiva kwa jumla ya dakika 8 hadi 10. Na anayetaka kilichoiva kabisa na aongeze dakika 3 au 4. Hizo ni kadiri tu, kwani majiko hayalingani. Karibu na mwisho tieni samli iliyobaki na thomu iliyopondwa, muiteke ile samli kwa kijiko na kuimwagia nyama juu.

Huenda mtu akawaambieni kuwa kukaanga kwa moto mkali huziba matundu ya nyama hata maji yasitoke. Neno hili lilienezwa na mtaalamu wa Kijerumani, Justus von Liebig, mwaka 1847, na wapishi wengi walilishika. Lakini majaribio ya baadaye yameonyesha kuwa si kweli. Moto mkali ni kwa ajili ya rangi na ladha. Kinachohifadhi maji ni kutoipika kupita kiasi, na kuipumzisha.

Tano, basi, ipumzisheni. Itoeni, iwekeni juu ya sahani ya moto, ifunikeni bila ya kuibana, mngojee dakika 5. Katika muda huo joto hutulia na maji hushikamana na nyama. Ikatwayo papo hapo humwaga utamu wake wote sahanini, na huko ndiko kulikomtisha bibi. Mnapoikata, kateni kwa kukingama nyuzi zake, ili kila kipande kiwe na nyuzi fupi zisizosumbua meno ya wazee.

ROJO LAKE

Msikioshe kikaango. Yale mabaki ya kahawia yaliyogandamana chini ndiyo utamu wenyewe. Katika mahoteli mengi wapishi huyamwagia mvinyo wakafanya rojo. Na mtu akiuliza huambiwa kuwa ulevi wote umekwisha kuruka kwa moto. Maneno hayo si sahihi. Wataalamu wa Marekani walipima, wakaona kuwa chakula kilichotiwa ulevi kikachemshwa nusu saa hubaki na zaidi ya thuluthi ya ulevi wake; na rojo la steki halichemki hata dakika 5. Na kwa Mwislamu najisi haingojei kupimwa. Basi kijana aonaye kuwa yeye hanywi, amekwenda kula nyama tu, na afikiri ni nini alichomiminiwa juu ya nyama hiyo. Tena Mtume wetu (S.A.W.) ametukataza hata kuketi kwenye meza ambayo ulevi wazungushwa juu yake.

Nyumbani tieni nusu kikombe cha maji katika kikaango kile, mkwangue kwa mwiko, mtie pilipili manga na maji ya ndimu moja, au ukwaju kidogo, kiache kichemke hata kiwe kizito. Mimineni juu ya nyama. Hapo mna rojo lisilo na shaka ndani yake.

NENO KWA MAMA NA KWA KIJANA

Ndugu yetu mama, tumemaliza ya jikoni, limebaki moja. Mwanao hakukimbia nyumba yako kwa kuipenda ile meza ya chupa. Alikwenda kwa sababu ya nyama na kwa sababu ya wenziwe. Nyama sasa umekwisha kuijua. Ama wenziwe, waalike. Mwambie, "Jumamosi hii walete wenzio, nami nitanunua sarara." Na watakapokuja, usiwapikie wewe, mkabidhi mwanao koleo na kikaango, umsimamie mara ya kwanza, kisha umwachie.

Nawe kijana, usione haya kusimama jikoni. Bibi Aisha (R.A.) aliulizwa Mtume (S.A.W.) alikuwa akifanya nini nyumbani mwake, akaeleza kuwa alikuwa katika kuwatumikia watu wa nyumba yake, na wakati wa Sala ukifika hutoka. Ikiwa kiumbe bora hakuona kuwa kazi ya nyumbani yampunguzia heshima, wewe ni nani hata ikupunguzie? Mpikie mama yako kipande cha kwanza, na bibi yako kipande kilichoiva kabisa kisichokuwa na wekundu, ili moyo wake utulie. Na harufu ikiwafikia jirani wa mlango wa pili, wapelekeeni sahani.

Mwenyezi Mungu atujaalie riziki ya halali, na atupe nyumba ambazo watoto wetu watapenda kurejea kuliko kutoka. Amin.

Wabillahi ttawfiq.